Ndoa ya Bibi Tuifute?

Juzi pale vimbwetani ubishi ulikuwa mkali. Jamaa mmoja alidai kwamba, kwa kuwa Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 2019 kuwa kumwoza binti wa miaka 15 ni kinyume cha Katiba, basi ndoa za bibi zetu ni batili tangu siku ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Kesi ile ya Rebeca Gyumi ilihusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971: binti anaruhusiwa kuolewa na miaka 15 wazazi wakiridhia, mvulana anasubiri 18. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe vifungu. Ndoa ya mtu haikufutwa.

Sasa tuseme zifutwe kweli. Bibi yangu mzaa mama aliolewa mwaka 1967, hata miaka 15 hajatimiza. Leo ni mjane, analima shamba walilofyeka pamoja na babu. Ndoa ile ikiwa batili, yeye ni nani pale? Si mke, si mjane, ni mama tu aliyekaa kwa watu miaka hamsini. Ndugu wa babu wanaolitamani lile shamba (wapo, kila ukoo unao) ndio watakaotushangilia kwanza.

Sheria ya 1971 ilipokuja haikuzivunja ndoa zilizotangulia. Za kimila, za Kiislamu, za kanisani, zilibaki ndoa. Kenya nao walifanya hivyo hivyo mwaka 2014. Ila iliingia kwa mlango mwingine: wakiachana baada ya hapo, hata mke aliyeolewa zamani angeweza kuomba mgawo wa mali waliyochuma pamoja. Siku ya harusi ilibaki ilivyo, haki zake ndizo zilizoongezeka.

“Kwa hiyo unahalalisha?” nikaulizwa. Wapi! Bibi mwenyewe husema wiki ile alikuwa bado anacheza rede na wenzake, na halisemi kwa kucheka. Lakini hajamwomba mtu amfutie ndoa.

Kwa waliopo ndani ya ndoa za namna hiyo leo, ningetaka sheria iseme hivi: aliyeozwa akiwa mtoto, yeye peke yake ndiye aamue kama ndoa iendelee au ivunjwe. Na akiamua kuondoka, asidaiwe mahari.