Majina ya Mafundi

Katika mji wa Dar es Salaam liko neno linalotajwa kutwa kucha na makondakta wa daladala: "Makumbusho! Makumbusho!" Abiria hupanda na kushuka katika stendi hiyo, lakini walio wengi hawajapata kuingia mahali palipoipa jina lake. Mahali penyewe ni Kijiji cha Makumbusho, huko Kijitonyama, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Kilifunguliwa mwaka 1967, nacho ni tawi la Makumbusho ya Taifa. Yafaa nieleze niliyoyaona huko wakati wa likizo, maana naamini yatuhusu sote, wanafunzi, walimu na wazazi.

Mtu asidhani kwamba makumbusho ni ghala la vitu vikuukuu. Hapo Kijijini zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali kama wenyewe walivyozijenga zamani. Uko msonge wa Wahaya ulioezekwa kwa nyasi tangu kileleni mpaka chini, iko tembe ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, na nyinginezo. Mgeni huinama mlangoni kama ainamavyo mwana wa nyumba. Kadhalika huchezwa ngoma, na mafundi hukaa kivulini wakifanya kazi zao huku watu wakiwatazama. Kwa hiyo ni mahali pa kwenda jamaa wote, mkubwa kwa mdogo.

Sisi tulikwenda watano: babu, mama, shangazi, mdogo wangu wa darasa la pili, nami. Babu ni Mmakonde wa Newala. Amechonga vinyago tangu ujana wake, hata miaka ya karibuni macho yake yakaanza kufifia, akaweka tezo chini. Alikuja mjini kutibiwa, na mama alipenda apumzike kidogo na safari za hospitali. Shangazi hakuifurahia sana safari hii. Alisema kuwa vinyago havikumjengea babu nyumba ya bati, basi kwenda kuvitazama kwa kiingilio ni kupoteza fedha. Babu alicheka tu, asijibu neno.

Tulipofika chini ya mti mmoja tulimkuta fundi akichonga gogo la mpingo. Babu hakuweza kuliona vizuri, akasimama akisikiliza. Baada ya kitambo akasema, "Mwanangu, gogo lako lina ufa upande wa chini. Tezo inalia vibaya." Fundi akaligeuza gogo, akapangusa vumbi kwa kiganja, na kweli ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele. Pale pale alisimama, akamwamkia, "Shikamoo, babu," akampa kigoda chake akalie.

Basi watoto waliokuwa wakizungukazunguka wakakusanyika, na babu akaanza kuwafundisha. Aliwaambia kwamba mpingo hukua polepole mno, hivyo aukataye mti mkubwa leo huenda aliyeuona ukichipua ni babu yake. Aliwapa kipande waonje uzito wake, akawaeleza kuwa mti huu ukitiwa majini huzama. Aliwaonyesha kwa vidole sehemu ya nje iliyo nyeupe na moyo ulio mweusi, akasema fundi hutafuta moyo. Mdogo wangu akauliza kama vinyago havimwogopeshi usiku. Babu akamjibu kwa methali tuijuayo sote, kwamba kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi. Watu wakacheka.

Ndipo akaja dada mmoja mwenye kuongoza wageni, akiwa na daftari mkononi. Alimwamkia babu kwa heshima, kisha akamwuliza, "Babu, nani alikufundisha kazi hii?"

Babu alikaa kimya muda mrefu. Halafu akataja jina la mjomba wake, aliyevuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji na tezo moja tu begani. Akataja na jina la aliyemfundisha mjomba. Yule dada aliandika yote. Babu akasema kwa sauti ndogo kwamba katika maisha yake ameuza mamia ya vinyago, na wanunuzi walimwuliza bei, wakauliza na uzito, lakini hakuna aliyemwuliza jina. Shangazi alikuwa akisikiliza, akainamisha kichwa.

Maneno hayo yamenifikirisha sana. Ziko kazi za sanaa za nchi yetu ambazo wenyewe twawajua. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, alichora wanyama na ndege juu ya mbao za dari kwa rangi za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe, na mafundi waliomfuata hutia saini zao. Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde, alichonga mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake, na kutoka hapo vikatokea vinyago vya watu wengi waliopandana, tuviitavyo Ujamaa. Samaki Likankoa anakumbukwa kwa vinyago vya mashetani, vilivyoanza miaka ya 1950. Hao ni wachache mno. Kwa kila mmoja atajwaye, wako mafundi wengi sana ambao kazi zao zimevuka bahari, zikawekwa kwenye kabati za vioo, na chini yake pakaandikwa "Wamakonde" basi. Kabila halishiki tezo. Ashikaye tezo ni mtu, naye ana jina.

Usiku ule shangazi alifungua sanduku lake, akatoa kinyago kidogo cha mama aliyebeba mtungi, alichopewa na babu siku ya arusi yake. Akamwomba akitie jina. Babu aliagiza msumari upashwe moto jikoni, nami nikamshika mkono kumwongoza, akachoma herufi chini ya kinyago, moja moja. Alisema ndicho cha kwanza. Nami nikachukua daftari, nikaandika majina ya mafundi wote anaowakumbuka, wakawa 23. Siyatoi katika gazeti hili, kwa sababu babu ameagiza kwanza waulizwe jamaa zao walio hai, na hiyo ni haki yao.

Ndugu wanafunzi, si kila mmoja wetu ataweza kufika Kijitonyama. Lakini Siku ya Wazazi ya shule yetu huwa na meza za maonyesho, na juu yake huwekwa mikeka, vyungu, vikapu na miko, kila kitu na karatasi yake iliyoandikwa "mkeka", "chungu". Naomba safari hii karatasi hizo ziwe na mistari mitatu: jina la aliyekitengeneza, mahali alipo, na jina la aliyemfundisha. Wazazi waje nao wale mabibi na mababu waliovitengeneza, wapewe viti mbele, waulizwe. Wengi wao macho yanafifia, na majina wanayoyajua hayakuandikwa popote. Tukingoja mpaka tumalize Kidato cha Nne, huenda tusimkute wa kumwuliza.