Kuketi Nyuma ya Darasa Nchini Botswana

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kusomea ualimu, ama umemlea kijana aliyeusomea, unaufahamu woga wa siku ile msimamizi anapoingia darasani, akaenda kuketi dawati la nyuma na kufungua daftari lake. Mwanachuo aliyefundisha vizuri jana yake husahau hata kuandika tarehe ubaoni. Kazi ya kuketi nyuma ya darasa na kumpima mwenzako ni nzito hata hapa nyumbani. Katika nchi ya ugenini, ambako lugha ya watoto si yako, huwa nzito zaidi. Na Botswana ni mahali pazuri pa kujifunza uzito huo.

Nchi hiyo ina ukubwa wa kilometa za mraba 582,000 hivi, yaani zaidi ya nusu ya Tanzania. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu huko watu milioni 2 na laki 3 hivi tu, wasiofikia nusu ya wakazi wa mkoa wa Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo msimamizi wa mazoezi ya kufundisha hushinda barabarani. Kutoka Gaborone mpaka Serowe ni zaidi ya kilometa 300. Mpaka Ghanzi, upande wa magharibi katika Kalahari, ni zaidi ya 600. Njiani utasimamishwa kwenye uzio wa mifugo, na pengine utaambiwa ushuke ukanyage dawa kwa viatu vyako, ili usivushe ugonjwa wa miguu na midomo. Usinung'unike, kwani ng'ombe ndiye aliyewasomesha watu wa huko.

Maneno hayo si mzaha. Botswana, Lesotho na Swaziland zilikuwa na chuo kikuu kimoja cha pamoja. Mwaka 1975 Lesotho ilijitoa, ikabaki na majengo yaliyokuwa kwake. Mwaka uliofuata, chini ya Rais Seretse Khama, wananchi wa Botswana waliombwa wajenge chuo chao kwa michango: mwenye ng'ombe atoe ng'ombe, asiye naye atoe alicho nacho. Mwito ulikuwa 'Motho le motho kgomo', yaani kila mtu na ng'ombe wake. Basi unapoketi kumpima mwanachuo wa Gaborone, kumbuka kwamba mifugo ya wazee wa vijijini imo katika misingi ya chuo alichotoka.

Ukifika Serowe, msomaji wa Tanzania utajiona kama uliye kwenu. Huko, mwaka 1963, mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini, Patrick van Rensburg, alianzisha shule ya Swaneng Hill, ambamo wanafunzi walijenga madarasa kwa mikono yao; na baadaye yakazaliwa makundi ya vijana waliojifunza ujenzi na kazi nyingine za ufundi huku wakizalisha mali. Sisi tulipotangaziwa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, wenzetu wa Serowe walikwisha kushika mwiko na matofali.

Lugha nayo itakudanganya kwanza kwamba ni nyepesi. Hodi yao ni 'Ko ko!'. Mwanamume huamkiwa 'Dumela, rra', mwanamke 'Dumela, mma'. Mwalimu ni morutabana, yaani mfundisha wana. Motho ni mtu, metsi ni maji. Na watoto wakihesabu 'tharo, nne, tlhano', utasikia ndani yake tatu, nne, tano zetu. Lakini somo likikolea, sikio lako litaachwa nyuma, na hapo hutakuwa na la kutegemea ila macho.

Hayo ndiyo yaliyonipata katika kijiji kimoja cha wilaya ya Ghanzi. Ilikuwa asubuhi ya Juni, baridi kali, watoto wa darasa la kwanza wamejikunyata ndani ya sweta. Mwanachuo, binti wa Serowe, alifundisha hesabu kwa Kitswana. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake nzuri, ubao wake umenyooka. Mikono ilinyanyuka pande zote, isipokuwa benchi la ukutani. Watoto wanne wa hapo waliinamisha vichwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Nyumbani kwao huzungumzwa Kinaro, lugha ya wale wanaoitwa Basarwa, yenye sauti za kualika ulimi ambazo walimu wengi wa huko hawaziwezi. Na chini ya sera ya elimu ya mwaka 1994, iliyotaka Kiingereza kitumike kufundishia tangu darasa la pili, mtoto kama huyo alikuwa akiikuta lugha ya tatu kabla hajaizoea ya pili.

Katika fomu ya tathmini palikuwa na kifungu cha nidhamu. Wale wanne wangempatia mwalimu wao alama zote, kwa kuwa hawakufungua vinywa.

Baada ya somo tuliketi nje, juani. Nilimwuliza, 'Mma, wale wa benchi la ukutani wamejifunza nini leo?' Akajibu kwamba ni watoto watulivu. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, akasema, 'Sijui, rra.'

Siku ya pili alikuja na msaidizi: mwanafunzi wa darasa la saba, msemaji wa Kinaro, aliyeombewa ruhusa kwa mwalimu mkuu. Alikuwa amemfundisha mwalimu wake maneno machache: salamu, 'njoo', 'weka hapa'. Binti alipoyatamka, alikosea vibaya. Benchi la ukutani likaangua kicheko, kisha mmoja wao akamsahihisha kwa sauti. Dakika chache baadaye mtoto huyo alisimama mbele, akapanga mawe manne juu ya meza, akasema 'nne' kwa Kitswana.

Darasa siku hiyo lilikuwa na kelele, na somo halikumalizika kwa wakati. Fomu haikuwa na kifungu cha jambo lile, nami nikaliandika nyuma ya karatasi na kumpa alama ya juu. Sikudai kwamba amewaokoa watoto wale. Mazoezi yangekwisha baada ya majuma machache, yeye angerudi chuoni, nao wangebaki na benchi lao.

Ndugu msomaji, siku utakapoitwa shuleni kwa mwanao, utaonyeshwa madaftari na majina ya walioongoza mtihani. Yatazame, upongeze. Lakini kabla ya kuaga, mwulize mwalimu, kwa adabu, ni mtoto gani hajafungua kinywa tangu muhula uanze, na kwa sababu gani.