Hewa ya Mombasa na Hewa ya Nairobi

Mara nyingi twaulizwa swali hili: "Ninyi mliokaa Mombasa na Nairobi pia, mji upi una hewa njema zaidi?" Zamani tulijibu upesi, "Nairobi." Siku hizi twajibu polepole, na jibu letu limegeuka. Sababu yake twataka kuwasimulia, maana ndani yake mna onyo kwa kila nyumba yenye jiko la makaa.

Sisi tulizaliwa pwani, na kwa ajili ya kazi tumekaa Nairobi miaka kumi na miwili. Mtu akitazama ramani atastaajabu, kwa kuwa Nairobi ni karibu na ikweta kuliko Mombasa. Nairobi iko yapata digrii moja na robo upande wa kusini, na Mombasa digrii nne. Basi angedhani Nairobi ndiyo yenye joto kubwa. Sivyo, kwa sababu Mombasa ni kisiwa cha bahari, na Nairobi iko juu yapata mita 1,700. Na kila upandapo mita 1,000, hewa hupoa kwa digrii sita hivi. Wamaasai waliijua baridi ile kabla reli haijafika huko mwaka 1899, maana jina la Nairobi latokana na maneno yao yenye maana ya maji baridi.

Kwanza tuihukumu Mombasa, wala tusifiche aibu yake kwa kuwa ni kwetu. Tangu Desemba hata Machi huvuma kaskazi. Machi upepo huo hulegea, na kusi haijaja bado. Ndipo joto la mchana hufika digrii 32 au 33, na usiku halipungui sana chini ya 24. Hewa imejaa unyevu wa bahari, hata jasho halikauki mwilini. Mtu hujigeuza kitandani mpaka alfajiri, vyuma hushika kutu, vitabu huota ukungu. Tena mbu wapo, na malaria pamoja nao. Asiyelala ndani ya chandarua hujitafutia ugonjwa.

Nairobi, miezi hiyo hiyo ya Januari na Februari, ni mji wa raha. Jua huwaka, lakini ukiingia kivulini waburudika, na usiku walala usingizi mzito. Watoto husoma mchana bila kusinzia. Malaria ni chache, kwa maana vidudu vyake huhitaji joto vipate kukua ndani ya mbu. Kwa hayo tulikuwa tukijisifu mbele ya jamaa zetu wa pwani.

Basi mwaka mmoja tulimwalika mama yetu mzazi, mzee sana, aje kupumzika kwetu na joto. Lakini tulimwalika mwezi wa Julai, na hapo ndipo tulipokosea. Alifika na kanga zake na shali moja nyepesi. Siku ya kwanza hakuona jua, wala siku ya pili, wala ya tatu. Hata siku ya nne akauliza, "Mwanangu, jua la kwenu limekwenda wapi?" Tukamjibu, "Mama, lipo, limefunikwa na mawingu." Akasema, "Basi mwambieni mwenye kulifunika alifunue, mifupa yangu yauma."

Mwezi huo joto la mchana la Nairobi ni kama digrii 21 au 22, na usiku hushuka hata 11 au 12. Kwa mtu wa Ulaya si kitu. Kwa bibi wa pwani ni adhabu. Tukamwonea huruma. Usiku ule tukaingiza jiko la makaa chumbani mwake, alimolala na mjukuu wake, tukafunga dirisha na mlango ili joto lisitoke, tukaenda kulala tukiwa tumeridhika.

Usiku wa manane mama watoto akasikia mtoto akitapika. Alipofungua mlango akamkuta mtoto analia kwa kuumwa kichwa, na bibi haamki. Tukafungua kila kitu, tukawabeba nje wote wawili katika baridi ile tuliyokuwa tukiikimbia, tukawapeleka hospitali. Mungu ashukuriwe, wote walipona. Mganga akatueleza kwamba makaa yanayowaka chumbani hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia katika damu mahali pa hewa njema. Aliyelala hajui kama anakufa.

Kosa lilikuwa letu, si la mji. Hata hivyo tangu siku ile tulianza kupima upya. Tukajifunza kwamba kusi, upepo ule ule unaoleta nafuu Mombasa, hupanda bara ukiwa na unyevu, ukapoa, ukawa mawingu ya kuifunika Nairobi. Mvua kubwa ya Mei ikiisha kuipita Mombasa, kuanzia Juni hata Septemba mchana huko ni kama digrii 28, na usiku 20 hivi, na upepo hauishi. Mama alikuwa ameiacha pwani katika miezi yake iliyo bora.

Basi sisi twachagua Mombasa. Joto lake ni kali, lakini halijifichi, na dawa yake haina hatari: kivuli cha mwembe, dafu, na upepo wa bahari. Dawa ya joto ni kufungua nyumba. Baridi hutushawishi kuifunga. Wanaoipenda Nairobi hawakukosea, na kwa mwezi wa Machi hata sisi twawaonea wivu. Lakini mama amesharudi kwake, na kazi ikituruhusu twakusudia kumfuata.

Nanyi ndugu mkaao nchi za baridi, Limuru au Lushoto au Njombe, ongezeni mablanketi, vaeni soksi, nyweni chai ya moto. Jiko lilaleni nje. Wala msimwalike mgeni kabla ya kuuliza kwanza ni mwezi gani.