Ngozi Yangu, Kutoka Tanga Hadi Njombe

Chupa ya mafuta ya nazi niliyobebeshwa na bibi yangu Tanga ilifika Njombe ikiwa imeganda. Ulikuwa mwezi wa Juni, katikati ya miaka ya 1980, nami nilikuwa mwalimu mgeni niliyepangiwa kazi Nyanda za Juu Kusini. Kwetu pwani mafuta ya nazi ni maji mwaka mzima. Unainamisha chupa, yanamiminika kiganjani. Kule yalikuwa meupe na magumu, yameziba mpaka shingo ya chupa, ikabidi niyachokonoe kwa kijiti na kuiweka chupa kando ya jiko la mkaa ili yayeyuke. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakati wa kipupwe hupata usiku ambao joto halifiki hata nyuzi 10.

Mafuta yale bibi aliyatengeneza mwenyewe. Alikuna nazi zilizokomaa, akakamua tui, akalitenga kwenye moto mdogo hadi likakatika: mafuta juu, mashapo ya kahawia chini. Sisi watoto tuliyagombania mashapo. Jioni, tukitoka kuoga, alitupanga mstari na kutupaka mmoja mmoja huku tunachuruzika maji, maana tulitakiwa chuoni, yaani madrasa, na hapakuwa na muda wa kujifuta. Wanawake wakubwa walikuwa na yao: liwa iliyosagwa kwenye msio, na singo kwa mwari anayeandaliwa harusi. Sikumbuki hata mmoja wao akilalamika kwamba ngozi yake imekauka. Hewa ya bahari ilikuwa imejaa unyevu, na ngozi ilikunywa humo.

Njombe hewa ilikuwa baridi na kavu, na upepo wake haukupumzika. Kabla mwaka haujaisha, miguu yangu ilipauka, ukiikwaruza kwa ukucha unabaki mstari mweupe. Visigino vilipasuka magaga. Chaki ilinyonya unyevu uliobaki mikononi. Na sabuni yenyewe miaka ile ilikuwa adimu. Tukiipata ilikuwa ya mche, tukafulia, tukaoshea vyombo na kuogea hiyo hiyo. Sabuni ya namna hiyo ina ukali wa magadi, ilhali uso wa ngozi yenye afya una asidi kidogo, kwa hiyo kila tulipooga tuliondoa uchafu pamoja na mafuta ambayo ngozi ilikuwa imejitengenezea. Nyumbani tulioga maji ya moto sana kwa sababu ya baridi, kisha tukaketi kulizunguka jiko. Yote hayo hukausha.

Kilichotuokoa ni mafuta ya mgando. Aliyeyapa jina la Vaseline, Mmarekani Robert Chesebrough, alipata hataza yake mwaka 1872, na mpaka leo sijaona kinachoyazidi kwa kazi moja: kuzuia maji yaliyomo ndani ya ngozi yasitoroke. Ila hayaongezi maji. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka kabisa, umefunga mlango nyumba ikiwa tupu. Sisi walimu wa kike tulijipaka asubuhi tukiwa tumeshavaa, tumekauka, tunaharakisha kengele. Tuling'aa mpaka saa nne, kisha vumbi la barabara likashika juu yake.

Biashara ilipofunguliwa enzi za Mzee Ruksa, maduka yakaanza kujaa krimu. Miaka ya 1990 ndiyo ninayoihuzunikia. Hazikuwa krimu za kutunza ngozi; zilikuwa za kuibadili rangi. Mwalimu mwenzangu mmoja, mwanamke mzuri wa sura na mwenye sauti ya kuimbisha darasa zima, alianza kujipaka mkorogo. Mwaka wa kwanza mashavu yalikuwa mekundu. Baadaye yakaingiwa na weusi wa kijivu ambao hakuna dawa iliyoutoa, vifundo vya vidole vikabaki na rangi yao ya zamani, na jua la saa tano lilimchoma akashindwa kusimama uwanjani na wanafunzi. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huacha ngozi imechafuka hivyo. Zebaki ni mbaya zaidi, maana hupenya na kuumiza figo. Serikali imezipiga marufuku krimu za aina hiyo, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, lakini bado nimeziona gulioni, zimepangwa kando ya sabuni za watoto. Kwa sababu ya mwalimu yule niliapa kutopaka usoni kitu chochote kilichoandikwa krimu, na kwa miaka mingi nikabaki na mgando wangu.

Kisha hedhi ikakoma. Wanawake wa rika langu tulikuwa tukizungumza juu ya joto la ghafla na kukosa usingizi. Juu ya ngozi hakuna aliyenionya. Homoni ya estrojeni ikipungua, tezi za mafuta hulegea na kolajeni, inayoshikilia ngozi isilegee, hupungua kwa kasi hasa miaka michache ya mwanzo. Mimi niliiona asubuhi moja baada ya nyingine. Nikinawa, uso ulivuta kana kwamba umepungua ukubwa. Pembeni mwa pua ngozi ilichanika vipande vidogo vyeupe. Nikicheka, mistari ilibaki imejikunja hata baada ya kicheko kuisha. Mgando ulinipa mng'ao, lakini chini yake uso ulikuwa bado unavuta.

Korea ilikuwa imeshaingia nyumbani kwetu kabla ya krimu yake. Ilikuja kwa Jumong. Nani asiyeikumbuka tamthilia ile, na santuri za DVD zilizopita nyumba hadi nyumba mpaka zikakwaruzika? Binti yangu alikuwa shuleni wakati ule, na macho yake hayakuwa kwenye mapanga peke yake. Alikuwa akitazama nyuso. Alipokua na kupata kazi Dar es Salaam, alianza kununua vipodozi vya Kikorea, na likizo moja ya Juni akaniletea kopo.

"Mama, najua kiapo chako," alisema. "Hii haibadilishi rangi. Soma mwenyewe."

Nilivaa miwani nikasoma kila herufi iliyosomeka. Alikuwa na machaguo mengi: kuna ile ya ute wa konokono ya COSRX, ambayo kwangu isingepita; kuna ya mchele na jinseng ya Beauty of Joseon, iliyopewa jina la ufalme uliotawala Korea tangu 1392. Mimi alinichagulia ya seramidi. Kopo la mililita 50 tu, zaidi ya shilingi 50,000. Bei ile ni mbolea ya bustani yangu ya viazi, na nilimwambia hivyo.

Halafu akanielekeza. "Ukinawa, usiufute uso ukakauka. Ukiwa bado mbichi ndiyo upake." Nikamwona bibi yangu na mstari wetu wa watoto wanaochuruzika maji. Alichokifanya kwa haraka ya chuo ndicho binti yangu alichokuwa akinifundisha kutoka Korea: maji kwanza, mafuta juu yake.

Krimu yenyewe ni ya rangi ya maziwa, nzito kidogo, na harufu yake ni ndogo sana. Nilichota kiasi cha punje ya haragwe, nikaipasha kati ya viganja, nikaibandika mashavuni na kwenye paji bila kusugua. Haikuteleza juujuu kama mgando. Kwa muda mfupi uso ulinata, kidole kikigusa kinavuta, kisha mnato ukaisha na ngozi ikabaki laini, haing'ai. Nilikwenda kulala nikitegemea kuamka nimevimba. Niliamka salama, nikanawa, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu uso haukuvuta.

Mwalimu mstaafu ana muda wa kusoma, nami nilisoma. Seramidi ni mafuta ambayo ngozi hujitengenezea yenyewe. Pamoja na kolesteroli na asidi za mafuta hukaa katikati ya seli za tabaka la juu na kuzuia maji yasipotee. Umri unavyosonga hupungua, na sabuni kali huyapunguza zaidi. Krimu huyarudisha kwa nje. Gliserini, iliyokuwa karibu na mwanzo wa orodha ya viambato, ndiyo inayovuta maji na kuyashikilia. Palikuwa pia na niasinamaidi. Hiyo ndiyo Wakorea huitumia kwenye krimu wanazoziita za kung'arisha, nami nilisita nilipoliona neno hilo, lakini haifanani na mkorogo: haichubui wala haina zebaki, hupunguza tu rangi inayopita kutoka seli moja kwenda nyingine, na kwa viwango vyao vya asilimia 2 hadi 5 ngozi nyeusi hubaki nyeusi.

Kiambato kilichonigusa kuliko vyote ni Centella asiatica, mmea mdogo unaotambaa mahali penye majimaji. Ni dawa ya zamani ya nchi nyingi za Asia na ya jirani zetu wa bahari, Madagaska. Huko ndiko Mfaransa Pierre Boiteau na mwanasayansi wa Kimalagasi Albert Rakoto Ratsimamanga walikoichunguza kwa vidonda na ukoma katikati ya karne iliyopita. Ikazaliwa dawa ya kupaka vidonda, Madecassol, jina lenye Madagaska ndani yake. Kampuni ya Dongkook imeiuza Korea kwa miongo kadhaa, na mwaka 2015 ikatoa krimu ya uso kwa mmea huo huo. Kwa hiyo sehemu ya kile tunachokiita cha Kikorea ilivuka Bahari ya Hindi kwanza, ikazunguka dunia, ikaturudia ndani ya kopo. Sina hakika kwamba sisi huku tunaithamini mimea yetu kwa kiasi hicho.

Nikasoma pia habari za Yun Dok-jeong. Miaka ya 1930, katika mji wa Kaesong, mama huyo alikamua mafuta ya mbegu za kamelia na kuyauza kwa wanawake kwa ajili ya nywele. Mwanawe, Suh Sung-whan, ndiye aliyeanzisha mwaka 1945 kampuni inayoitwa leo Amorepacific, mojawapo ya kampuni kubwa za vipodozi Asia. Bibi yangu naye alikamua mafuta jikoni. Tofauti ni kwamba ya bibi yangu yaliishia kwenye ngozi zetu na kwenye chupa ile iliyoganda, hakuna aliyeyaendeleza, na mpaka leo Tanga yenye minazi yote ile tunanunua losheni kutoka nje. Hili linaniuma, na nalisema kwa vijana wanaosomea kemia wanisikie.

Sasa, krimu imefanya nini? Ukavu umeondoka. Vipande vyeupe pembeni mwa pua vimekwisha, na ile mistari midogo ya chini ya macho, iliyotokana na kukauka tu, imelainika. Mikunjo ya kweli iko pale pale. Mistari miwili inayoshuka kutoka puani hadi mdomoni haijasogea hata kidogo. Kopo limeandikwa kwamba linasaidia mikunjo, kwa sababu lina adenosini, ambayo sheria ya Korea inaitambua kwa kiwango cha asilimia 0.04. Labda inafanya kazi polepole. Kwa jicho langu na kioo changu, sijaiona. Wala siitaki sana. Sura hii ni ya mama yangu alipokuwa na umri kama wangu, na nafurahi kumwona.

Jambo moja kopo halikuniambia kwa uzito unaostahili, nalo ni jua. Kunja mkono wako, tazama ngozi ya ndani karibu na kwapa, kisha tazama mgongo wa kiganja. Mkono ni mmoja na umri ni mmoja. Wangu wa juu ni laini, wa chini una madoa na mikunjo, na kilichotofautisha ni miaka ya gwaride na bustani bila kofia. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini kinga hiyo ina mwisho, na huku milimani jua ni kali hata siku ya baridi. Tanzania tunajua kutengeneza krimu ya kukinga jua: Kilisun hutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao ni suala la uhai. Sisi wengine tumewaachia elimu hiyo wao peke yao. Mimi siku hizi sitoki bila kofia pana, na asubuhi napaka krimu ya jua juu ya ile ya Korea.

Wanawake wenzangu wa Njombe, Makete, Mufindi na kote kwenye baridi, hasa ambao hedhi imekoma: mwenye uwezo wa kununua krimu hii na anunue, lakini dukani aombe kuona orodha ya viambato na tarehe ya mwisho, na kopo lisilo na orodha aliache pale pale, hata kama muuzaji ni ndugu. Asiye na uwezo aende duka la dawa akanunue gliserini na mafuta ya mgando. Aache sabuni ya mche kwa nguo, aoge maji ya vuguvugu, na atokapo bafuni ajipake gliserini kidogo kisha mgando, kabla maji hayajakauka mwilini. Miguu yangu mimi huipaka hivyo, na magaga hayajarudi.