Ya Kusema na ya Kusitiri

Nyumba ya soba niliyolala Tanga ilikuwa na sheria nyingi na vitabu vichache. Sheria zilibandikwa ukutani: kuamka alfajiri, kutandika kitanda, kutotoka peke yako, simu marufuku. Vitabu vilikaa kwenye sanduku la mbao chini ya ngazi, na hakuna aliyevigusa mpaka televisheni ilipoharibika na fundi akadai hela ambayo nyumba haikuwa nayo.

Tuliokuwa pale wengi tulikuwa vijana wa Ngamiani na Makorora. Alikuwepo pia kondakta wa daladala, fundi cherehani, na mvuvi mmoja mtu mzima kutoka Pangani tuliyemwita Mzee. Sote tulitokea kwenye unga, yaani heroini, tukaja pale kuacha. Anayeijua arosto ya kuacha unga hana haja ya kusimuliwa: miayo isiyokwisha, kamasi, machozi bila kilio, tumbo kuachia, na miguu kurusha mateke yenyewe usiku kucha hadi unamwomba mwenzako aikalie. Siku hizo hazina kitabu. Kusoma kulikuja baadaye, mwili ulipotulia na kichwa ndicho kikaanza fujo, na kwangu mimi kipindi hicho cha pili ndicho kigumu zaidi, kwa kuwa hakuna anayekuhurumia tena. Unakula, unalala, mashavu yamerudi. Watu wanajua umepona.

Maandishi ya kwanza tuliyosomeshwa yalikuwa kopi zilizobanwa kwa pini, mafundisho ya hatua kumi na mbili. Chimbuko lake ni mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935. Dalali wa hisa na daktari mpasuaji, walevi wote wawili, waligundua kwamba mlevi huweza kuipita siku bila chupa akikaa kuzungumza na mlevi mwenziwe. Kitabu chao kikatoka 1939. Mwaka 1953, huko California, watu wa dawa za kulevya wakazichukua hatua zilezile wakaanzisha chama chao. Sisi zilitufikia zikiwa kopi ya kopi, mistari ya pembeni imeliwa na mashine, unakisia neno la mwisho.

Sina ubaya na hatua zile. Nimewaona watu ambao ziliwasimamisha. Ila ya nne inakutaka ukae uandike maovu yako yote bila kujihurumia, na ya tano inakutaka uyakiri mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yako, na mbele ya mtu mwingine. Hapo Mzee aligoma. Mshauri wa nyumba alimpa daftari na kalamu, naye akaviweka chini taratibu.

"Mwanangu, Mungu amenisitiri miaka yote hii. Leo nijivue nguo mwenyewe?"

Mshauri alikuwa na umri wa mtoto wake. Akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, huu ugonjwa wetu unakula humohumo kwenye siri."

Hakuna aliyeshinda siku ile. Vitabu vyote tulivyosoma baada ya hapo, kumbe tulikuwa tunauendeleza ubishi wa wawili wale.

Kutoka sandukuni kilitangulia Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert. Hakikuwa na jalada, na ukurasa wa kwanza ulipigwa muhuri wa shule ya msingi. Shaaban alizaliwa 1909 Vibambani, huko Machui, kusini ya mji wetu huuhuu wa Tanga, na kijana mmoja wa Machui alikuwa amelala chumba cha nyuma hajawahi kumsoma hata ukurasa. Tuliamua kusoma kwa sauti, kwa zamu, barazani baada ya Isha. Fundi cherehani aliishia darasa la tano. Alifuatisha mstari kwa kidole cha shahada, ukucha wake bado umechakazwa na sindano. Akikutana na neno refu anasimama, analikata vipande kwa kunong'ona, halafu analitamka zima kwa sauti kubwa kama mtu anayeita abiria. Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukawa tunayangoja yale maneno marefu.

Tulipofika kifo cha Amina, mke wa Shaaban, kondakta alikasirika kweli. "Bwana huyu kafiwa na mke, kaachiwa watoto, karani tu wa serikali ya mkoloni. Na hakuna siku hata moja aliyovurugikiwa? Hakumtukana mtu? Hakutamani kunywa kitu alale?"

"Yamo," Mzee alisema. "Kayafunika."

"Basi huo si ushuhuda, Mzee. Ni mapambo."

Ikabidi turudi nyuma kurasa kadhaa kutafuta palipofunikwa. Mimi nilikuwa upande wa Mzee, na bado nipo. Huzuni yake Shaaban aliitoa yote, tena kwa shairi, mahali ambapo kila mtu angeiona. Alichokizuia ni mambo ya watu wengine, ambao hawakumwomba awaandike. Kondakta hakuridhika, na nakiri hoja yake ilikuwa na uzito: sisi tuliokuwa pale tulikuwa mabingwa wa kufunika, na kufunika ndiko kulikotufikisha barazani hapo.

Ndani ya kitabu hicho mna tenzi mbili alizowatungia watoto wake, Hati kwa binti yake Mwanjaa na Adili kwa mwanawe Suleiman. Walio na watoto walinyamaza siku hiyo. Mimi nina binti, alikuwa analelewa na mama yangu. Nikaomba karatasi nimwandikie wasia, nikajaza ukurasa mzima wa heshimu wakubwa, shika elimu, chagua marafiki. Nikausoma. Baba aliyetoka maskani ya unga jana anamuusia nini mtoto? Nikauchana, nikaandika barua ya mistari mitatu, nikamuuliza yuko darasa la ngapi na nani anamsuka nywele. Jibu lilikuja kwa mkono wa bibi yake, na hilo ndilo lililonibakisha pale mwezi ambao wenzangu wengi waliruka ukuta.

Baada ya hapo tukaingia Wasifu wa Siti binti Saad, ambao pia ni kazi ya Shaaban, umechapishwa 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa, akiuza vyungu kwa kuzunguka navyo hadi mjini. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri, na hadi anafariki 1950 pwani nzima ilikuwa ikimjua. Nilitegemea wenzangu watafurahishwa na kupanda kwake kutoka chini. Kumbe kilichowashika ni vyungu. Waliuliza vilibebwa vingapi kwa mara moja, kikivunjika njiani hasara ya nani, mfinyanzi alilipwa kabla au baada. Watu waliowahi kutembeza mali ya mwingine huuliza hivyo.

Halafu Mzee akatuambia habari za Kijiti, wimbo wa Siti ambao mama yake alikuwa akiuimba. Ulihusu mauaji ya kweli ya mwanamke huko Unguja: mwuaji alitoroka, na mashahidi ndio waliogeuziwa kesi wakaadhibiwa. Siti aliitia mahakama kwenye wimbo, mji mzima ukaimba.

Kondakta akaruka. "Unaona? Yule kasema! Kataja hadi jina!"

"Kasema ya waliodhulumu," Mzee alimjibu. "Ya mama yake hukumsikia kuyasema."

Mimi jambo lililonishangaza, na sijaona likizungumzwa vya kutosha, ni kwamba mtu wa kusitiri, Shaaban, ndiye aliyekwenda kumtafuta mama yule wa kusema akaandika maisha yake. Lazima alimwonea wivu kidogo. Hayo ni yangu, wenzangu hawakuyakubali.

Kitabu cha tatu kililetwa na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akija kujitolea Jumamosi, nacho kopi vilevile: Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen, Ujerumani, 1903. Sehemu kubwa yake ni maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, jirani na Bagamoyo. Mjerumani Carl Velten ndiye aliyeyakusanya. Mna kuzaliwa, jando, harusi, ngoma za pepo, watumwa na mabwana wao. Vijana walikipenda kuliko vyote. Kila mmoja alikuwa na la kusahihisha: kwetu haifanywi hivi, bibi alikuwa akianza na lile. Mtu ambaye kwa miaka habari yake pekee ilikuwa kete imepanda bei alikuwa anabishana juu ya mpangilio wa sherehe ya jando, mishipa ya shingo imemtoka. Nadhani faida ya kusoma kwetu ilikuwa hapo. Makaratasi ya hatua yanakutaka ujitazame mchana kutwa, na mtu anachoka kujitazama. Mtoro alitupa likizo.

Tukafika kwenye mambo ya unyago. Mama mpishi alikuwa mlangoni mwa jiko anachambua mchele. Akauweka ungo chini.

"Ishieni hapo, wanangu."

Fundi cherehani akauliza kwa nini, kwani si kitabu tu.

"Hayo hayasomwi na wanaume. Tena huyo aliyeandika ni mwanamume, kayajulia wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Na kakosea." Tulimsihi atuambie kakosea wapi. Alichukua ungo wake akaingia ndani anacheka.

Mwanafunzi ndiye aliyetusimulia yaliyompata Mtoro mwenyewe. Alikwenda Berlin 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, mwaka uliofuata akafunga safari ya kurudi naye pwani. Serikali ya Wajerumani ikawakatalia kushuka pamoja. Ikabidi warudi Ulaya. Mtoro alifia Berlin 1927, kwao hakurudi tena.

Kijana wa Machui, ambaye huwa hasemi, ndiye aliyevunja kimya. "Yaani kawapa mambo yetu yote, kisha wakamzuia kushuka kwao."

Sote tulielewa anazungumzia nini. Kila baada ya muda nyumba ilitembelewa na wageni wenye msaada, na mmoja wetu husimamishwa kutoa ushuhuda: ulianza lini, uliuza nini, ulilala wapi, mama alilia vipi. Kadiri unavyojivua ndivyo wageni wanavyotikisa vichwa, halafu inapigwa picha na wanaondoka. Sisemi walikuwa wabaya. Magunia ya mchele tulikula. Lakini kumwambia mwenzako wa arosto saa nane ya usiku ni kitu kimoja, na kumwambia mtu mwenye kamera ambaye kesho hatakusalimia ni kitu kingine. Zamu yangu ilipofika nilitaja jina langu, mtaa wangu, na kwamba ninajifunza kushona. Uongozi ulinuna. Fundi cherehani alinuna zaidi, alidai mishono yangu haijafikia kutajwa mbele za watu.

Nikarudi kwenye zile kopi nikasoma hatua ya tisa taratibu. Inataka uwafuate uliowadhuru uwalipe au uwaombe radhi, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine. Watu wa Akron nao walijua yapo ya kusitiri! Nilimpelekea Mzee. Aliitazama ile karatasi kwa muda, akasema kwa nini hawakuitanguliza hiyo. Siku chache baadaye aliomba ruhusa, akamchukua mshauri wakatoka na ngalawa alfajiri. Walirudi mchana na changu wachache wasiotosha kitoweo cha nyumba. Kilichosemwa huko baharini hakuna aliyewahi kuuliza, na hatua ya tano ya Mzee ikaandikwa imekamilika.

Kondakta hakuifikia hatua hiyo. Aliondoka mapema, akarudi maskani, akatumia kipimo chake kilekile cha zamani. Mwili uliokaa bila unga kwa miezi haukihimili tena kipimo hicho. Pumzi inapungua hadi inakata. Wengi wa tunaowazika hufa namna hii, baada ya kuacha, na kila anayetoka soba anapaswa kuambiwa hivyo wazi kabla ya kukabidhiwa begi lake. Msibani tulikaa mwisho wa jamvi. Barazani hakuna aliyebisha kama yeye tena, na kwa wiki kadhaa hatukusoma kitu.

Kijana wa Machui alichagua methadoni, ile dawa ya kunywa iliyoanza kutolewa Muhimbili 2011 na sasa inapatikana mikoani. Anakunywa kila siku mbele ya nesi. Zipo soba zinazomhesabu mtu kama huyo kuwa bado hajaacha. Mimi naona ana kazi, ana mke, na Shaaban kamaliza kumsoma peke yake.

Msomaji atakuwa ameona sijasema nilichukua nini nyumbani kwetu, wala nilimfanyia nini mama. Waliopaswa kuyasikia wameyasikia, na mengine bado nayalipa kwa cherehani. Wanaonijua Tanga wanajua ya kutosha.

Naenda bado pale soba kila Alhamisi. Waliopo sasa wamechagua Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mtu aliyeandika vita na biashara yake ya pembe za ndovu bila kuomba radhi popote. Tumefika Manyema. Mvulana mgeni, mkali kama alivyokuwa kondakta, alifunga kitabu akasema mzee huyu alihitaji hatua ya nne kuliko sisi wote, na kwamba tusimsome, tutafute mtu mwema. Mzee wa Pangani akamwambia amalize kwanza. Amekubali kwa shingo upande, ila Alhamisi iliyopita alikuja na daftari lenye safu mbili: moja ni frasila za pembe, ya pili ni majina ya watu waliozibeba, na hiyo ya pili mpaka sasa iko tupu. Anataka wiki ijayo tuanze tena ukurasa wa kwanza tuitafute.