"Mama, usikaze": fundo la nywele lililopandisha paji la mtoto

Kila Jumapili jioni, vyombo vikishaoshwa, binti alijua zamu yake imefika. Aliketi kwenye kigoda katikati ya magoti ya mama yake, akakunja uso kabla hata chanuo halijamgusa.

"Mama, usikaze."

"Tulia wewe. Ukitaka uzuri sharti udhurike."

Mama huyu anauza vitenge mjini Kasulu. Binti yake ana miaka 9, yuko darasa la tatu katika shule binafsi ambayo, tofauti na shule nyingi za serikali ambako wasichana hukata nywele zikawa fupi kabisa, inaruhusu nywele ndefu mradi zibanwe vizuri. Kwa mama hilo halikuwa jambo dogo. Yeye mwenyewe alisoma na kichwa kilichonyolewa mpaka kidato cha nne, na alikuwa amejiapiza kwamba akijaliwa binti, binti huyo atakuwa na nywele.

Basi alizibana. Alizilowesha maji, akapaka jeli, akazivuta nyuma kwa brashi ngumu mpaka zikalala kama zilizopigwa pasi, kisha akazungusha zile raba nyeusi za dukani mara tatu, mara nne, mpaka fundo likasimama utosini. Akimaliza, macho ya mtoto yalikuwa yamevutwa juu kidogo. Fundo halikufunguliwa mpaka Ijumaa. Katikati ya wiki mbele ilirudiwa tu kwa jeli na brashi. Mwisho wa mwezi mtoto alipelekwa kwa msusi, akasukwa twende kilioni kwa rasta, na huko nako mkono ulikuwa wa kukaza.

Kanisani watu walimsifu. Mtoto wa nani huyu, nadhifu hivi? Sifa ya namna hiyo mzazi huichukua nyumbani kama zawadi, na hakuna haja ya kumcheka, maana wengi wetu tunaiishi.

Dalili zilikuwepo. Jumatatu mtoto alilalamika kichwa, akapewa Panadol nusu. Baada ya kusukwa alitoka vipele vidogo vyenye usaha pembezoni mwa nywele. Mama akasema ni joto, ingawa Kasulu iko juu na asubuhi zake za Juni zinataka sweta. Kwenye brashi kulibaki vinywele vifupi. Mama akasema nywele zinabadilika, mtoto anakua.

Likizo ya Juni ilipofika, mtoto alipandishwa Hiace kwenda Kibondo kwa bibi yake mzaa mama, safari ya kupitia Makere na vumbi lake jekundu. Alifika nywele zimekuwa rangi ya udongo. Bibi akachemsha maji, akamkalisha uani, akalifungua fundo. Raba moja ilikuwa imezama kiasi kwamba aliikata kwa wembe. Alipomwosha na kuzikausha akaona kitu ambacho chini ya jeli hakikuonekana: juu ya masikio, kwenye panja zote mbili, na kidogo mbele, nywele hazikuwepo. Palikuwa peupe, upana wa kidole.

"Nani kakunyoa huku mbele, mjukuu wangu?"

"Hakuna mtu, bibi."

Simu ikapigwa Kasulu jioni ileile. Mama alikuja Jumamosi, na kabla ya kunywa chai alikuwa na jibu tayari: "Ni ukoo, mama. Si unaniona hata mimi paji langu lilivyo?"

Alisema hivyo huku amefunga kilemba, kama anavyofunga kila siku kwa miaka kadhaa sasa. Ni wachache mjini Kasulu waliowahi kumwona bila kilemba. Nywele za mbele zilimtoka baada ya mtoto wa pili na hazikurudi, na siku zote amesema ni uzazi.

Bibi hakubishana. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na fremu aliyoitoa ukutani. Picha ya msichana wa kidato cha pili mwenye sweta la shule, kichwa kimenyolewa. Kwa kuwa amenyolewa, unaona vizuri kabisa nywele zinaanzia wapi. Zinaanzia chini, zimepita sawasawa kutoka sikio hadi sikio. Paji lenyewe ni dogo.

"Huyu ni wewe," bibi akasema. "Sasa hilo paji ulilonalo leo ulilipata kwa ukoo gani?"

Mama alikaa na picha hiyo magotini muda mrefu. Alipomaliza shule alifanya walichofanya wenzake wote: akaotesha nywele, akaweka dawa, na juu ya dawa akasuka rasta nyembambanyembamba, ndefu za kufika mgongoni. Harusi, kipaimara, sikukuu. Usiku wa kwanza baada ya kusuka alilala amekaa, maana kichwa hakigusiki. Alifanya hivyo zaidi ya miaka kumi. Ni kweli wanawake wengi hudondosha nywele miezi michache baada ya kujifungua. Lakini zile hudondoka kichwa kizima, na kwa kawaida ndani ya mwaka hivi zinakuwa zimerudi. Hazichagui panja peke yake.

Waliporudi Kasulu wakaenda hospitali. Daktari aliyewapokea alianza na kitu ambacho kila mzazi angepaswa kuanza nacho: kuhakikisha si mapunye. Mapunye ni fangasi, huacha mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatika juu ya ngozi, huambukiza watoto wengine, na mara nyingi huhitaji dawa ya kumeza, kupaka peke yake hakutoshi. Ya binti huyu hayakuwa mabaka. Ulikuwa mstari uliofuata pembe za uso.

Kisha akamwita mama asogee dirishani aone. Mbele kabisa ya ile sehemu tupu, kulikuwa na safu ya vinywele laini, vile tunavyoviita malaika, vimebaki peke yao kama ua lililobaki baada ya nyumba kubomolewa. Vifupi mno kiasi kwamba raba na brashi havikuweza kuvishika. Vinaonyesha mahali nywele zilipokuwa zinaanzia zamani, na kwa daktari hiyo ni alama kubwa kwamba zilizoondoka ziliondolewa kwa kuvutwa.

Nywele haina maumivu, lakini shina lake liko ndani ya ngozi, na ngozi hiyo ni hai. Ukilivuta siku moja, linavumilia. Ukilivuta kila siku, ngozi inavimba, ndiyo vile vipele, na shina linaanza kutoa nywele nyembamba, kisha fupi, kisha halitoi. Mpaka hapo mambo yanarudi yakiachwa. Ila mvuto ukiendelea kwa miaka, mahali pa shina hufunga kovu. Ngozi inakuwa nyororo, inang'aa, hata vile vitundu vya vinyweleo havionekani. Hapo hakuna mafuta yatakayoamsha kitu.

Daktari alimwambia mama kwamba za mtoto zitarudi wakiacha sasa. Mama akafungua kilemba chake mwenyewe, jambo ambalo binti yake alikuwa halioni mara nyingi. Daktari alipitisha kidole taratibu, akatazama, akasema hataki kumdanganya: hizi za mbele hazitarudi, ila zilizobaki nyuma yake anaweza kuzilinda. Mama akafunga tena kilemba, akauliza bei ya dawa ya mtoto. Hakukuwa na dawa. Dawa ilikuwa kulegeza.

Inasaidia kujua kwamba tatizo hili si la Kasulu wala si la Waafrika peke yao. Miongoni mwa watu wa kwanza kuandikwa na madaktari kuwa nalo walikuwa wanawake wa Greenland, mwanzoni mwa karne ya 20, waliokuwa wakivuta nywele zao kwa nguvu utosini. Limeonekana kwa wacheza baleti wenye fundo la kila siku, kwa wauguzi waliokuwa wakibana kofia zao kwa pini mahali palepale, na kwa wavulana wa Kisikh ambao nywele zao hufungwa fundo chini ya kilemba. Kwetu tunaanza mapema. Huko Cape Town, Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwakuta wasichana Waafrika wa shule nalo kwa asilimia 17.1. Miongoni mwa walioanza shule, wa miaka 6 na 7, walikuwa asilimia 8.6, kwa waliokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari ilifika 21.7. Kwa wanawake watu wazima ilikuwa asilimia 31.7, karibu mmoja kati ya watatu. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosuka au kuvuta nywele zilizowekwa dawa, kwani dawa inazidhoofisha kwanza na mvuto unamalizia.

Nyumbani Kasulu raba zote zilitupwa. Siku hizi mama anakata ukanda wa kitenge laini uliobaki dukani, au soksi kuukuu isiyo na pindo, anafungia hicho. Hafungi nywele zikiwa mbichi. Hili hakulijua: nywele za kipilipili zikilowa hurefuka, zikikauka hujikunja na kufupika, kwa hiyo fundo lililofungwa likiwa limelegea kidogo kwenye maji, likikauka linajikaza lenyewe kichwani mtoto akiwa darasani. Anazichana kwa vidole na chanuo la meno mapana, anapaka mafuta ya mise ambayo Kigoma hayakosekani, si kwa kuotesha bali kwa kulainisha, na analibana fundo chini, karibu na kisogo. Wiki nyingine ni mabutu mawili. Wiki nyingine hakuna kitu, nywele zinachambuliwa tu. Jioni lazima zifunguliwe, na mtoto analala na kitambaa laini kichwani.

Kipimo ni cha mtoto mwenyewe. Anainua nyusi, anacheka, anainamisha kichwa. Ngozi ikivuta, anasema "imekaza", na mama anafungua na kuanza upya, hata kama basi la shule linapiga honi.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kuliko inavyosomeka hapa. Nywele zisizo na jeli hazilali. Jumapili ya kwanza kanisani mama mmoja aliuliza, kwa sauti ya upole ya watu wa kanisani, "Leo mtoto hakuchanwa?" Shuleni nako kukaandikwa kwenye daftari la mawasiliano kwamba mwanafunzi aje nadhifu. Mama alifunga duka asubuhi moja, akaenda na mtoto hadi kwa mwalimu wa malezi, akamwonyesha zile panja. Mwalimu alitazama, na bila kujua akajishika pembeni mwa kilemba chake. Akasema utaratibu unataka nywele zibanwe, haukusema zivutwe. Lilikwisha hapo, ingawa mama anasema alikuwa amejiandaa kwa ugomvi.

Sokoni kuna mtu aliyemuuzia kopo la mafuta ya kuotesha. Alinunua, siyo kwa mtoto. Alijipaka mwezi mzima usiku wakati watoto wamelala, kisha akaliweka kopo juu ya kabati.

Nywele zetu hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, basi hakuna aliyeona kitu hadi Septemba. Kwanza zilikuja kama vumbi jeusi. Mtoto alizigundua kwa kidole kabla mama hajaziona kwa macho. Kufikia Desemba panja ya kulia ilikuwa imefunikwa, ya kushoto bado ina mwanya mdogo, na daktari alisema nao usiharakishwe.

Sikukuu walikwenda Kibondo wote. Bibi alitaka picha mpya ya kuweka ukutani, akamwita kijana mwenye kamera. Asubuhi hiyo mama alichukua brashi na jeli, akalowesha kiganja. Leo tu, akasema, kwa ajili ya picha, mbele palale.

Mtoto alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Hakukunja uso. Alisema tu, "Mama, imekaza," kabla hata hajaguswa.

Picha iko ukutani kwa bibi, pembeni ya ile ya kidato cha pili. Ndani yake mtoto nywele zimesimama pande zote kama mti wa mwembe, na mama amefunga kilemba cha kitenge kipya, rangi ya machungwa. Bibi amesogeza fremu mbili zikakaribiana, ili mgeni akiuliza habari za ukoo, aonyeshwe.