Kiti cha Watu Wote

Kiti ni chombo kisichopewa sifa. Mtu hukikalia, hula, huondoka. Akikikumbuka, ni kwa kuwa kimemwumiza mgongo. Lakini sisi tumesoma habari za viti vya mezani vya nchi ya Denmark na mafundi wake, nasi twaona yafaa wasomaji wetu wazipate.

Mwaka 1924 Kaare Klint alianza kufundisha ubunifu wa samani katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini Copenhagen. Hakutaka wanafunzi waanze na mapambo. Aliwataka kwanza waupime mwili wa mtu, tena wavichungue viti vizuri vya watu wa kale, wajue kwa nini vimedumu.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Børge Mogensen, aliyejifunza useremala kabla ya kuingia chuoni. Mwaka 1942 umoja wa maduka ya ushirika, uitwao FDB, ulimweka aongoze kazi ya kuchora samani za watu wasio na mali nyingi. Mwaka 1947 akatoa kiti kiitwacho J39. Miguu yake ni ya mviringo, egemeo lake ni ubao mmoja mpana uliopindwa kidogo, na kikalio chake kimewambwa kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa. Hakina nakshi hata moja. Wala hakina kasoro ya kufichwa na nakshi.

Rafiki yake Hans Wegner, mwana wa fundi viatu wa mji wa Tønder, naye alikuwa seremala tangu ujana. Kiti chake chenye egemeo la umbo la herufi Y kilianza kutengenezwa mwaka 1950. Kikalio chake chataka kamba yapata mita 120, nayo huwambwa kwa mkono hata leo.

Lakini liko jambo la kusikitisha. Siku hizi viti hivi huuzwa ghali, hata kile cha Mogensen kilichokusudiwa watu wa kawaida. Na vile vya zamani hugombewa na matajiri.

Je, kazi yake ilipotea bure? Sisi hatusemi hivyo. Sisi tufundishao twajua jinsi kitu cha maskini kinavyofanywa ovyo, kwa neno hili: “Hiki chamtosha.” Mogensen alikataa neno hilo. Fundi ye yote aweza kulikataa, hata kama mbao zake ni za mti wa shambani mwake.